Je, Mzee Amtii Mtoto? Maneno ya Mkanda na Eropleni

Hivi karibuni palikuwa na mashauri barazani kwa mzee mmoja hapa Suji, nami nimeona yafaa kuyaandika, kwa kuwa waalimu wengi wataulizwa neno hili hili. Watu wa milimani si wageni tena wa eropleni. Mtu ashuka alfajiri mpaka Makanya, apanda gari liendalo Moshi, na kabla ya jua kuchwa amekwisha ruka kutoka kiwanja cha Kilimanjaro, kile kilichofunguliwa mwaka 1971, akafika Dar es Salaam. Wengine huenda kutazamwa na madaktari, wengine huitwa na watoto wao walio mbali.

Basi mzee huyu alikwenda, akarudi na uchungu moyoni. Akaniambia, "Mwalimu, eropleni ilikuwa imekwisha gusa chini, inatembea polepole kama gari. Nikafungua mkanda, nikasimama nipate kushusha mfuko wangu. Binti mmoja mwenye umri wa mjukuu wangu, aliyekaa mbele akitutazama, akapaza sauti mbele ya watu wote, Babu, kaa chini! Nikakaa. Walakini tangu siku ile nauliza: Je, ni haki mzee aamriwe na mtoto? Tena, nikitii amri nisiyoelezwa sababu yake, nina tofauti gani na mbuzi aliyefungwa kamba?"

Vijana waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka, maana maswali yake ni mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kwa habari ya umri nilimkumbusha ndiva. Sisi Wapare twajua sana kazi ya ndiva: maji ya mlimani hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Aliyepewa kazi ya kuangalia zamu akiwa kijana, mzee hamwambii, "Nipishe, mimi nimezaliwa mbele yako." Hungoja siku yake. Hamtii kijana kwa ajili ya ujana wake wala hajidharau nafsi yake. Aitii kazi ambayo sisi sote tumemkabidhi. Na katika eropleni ni vivyo hivyo. Mataifa yalipatana huko Tokyo mwaka 1963 ya kwamba mkuu wa eropleni iliyo safarini ana amri juu ya wote waliomo, hata aweza kumfunga mtu ahatarishaye wenziwe. Yule binti alinena kwa amri hiyo. Lakini nilimpa mzee haki yake katika jambo moja: binti angeweza kusema, "Shikamoo babu, tafadhali keti kwanza," na eropleni isingechelewa.

Sasa lile swali la pili. Kanuni nyingi za eropleni zaonekana kuwa ndogo hata kuchekesha: nyosha kiti chako, funga meza, fungua pazia la dirisha. Sababu zipo. Meza iliyofunguliwa humzuia jirani yako asitoke. Dirisha lililo wazi huonyesha kama nje pana moto. Na eropleni itembeayo polepole yaweza kusimama ghafula, na mtu aliyesimama akaangukia wenziwe. Walakini watu mia hawawezi kuelezwa kila sababu saa ile ile inapohitajiwa, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tarehe 23 Novemba 1996 eropleni ya Ethiopia ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikiwa na watu 175. Watu watatu wakaiteka, wakamlazimisha rubani Leul Abate awapeleke Australia. Akawaambia mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Mafuta yakaisha juu ya bahari, naye akaishusha majini karibu na pwani ya Ngazija, katika visiwa vya Komoro, mahali ambapo watu wa ufukoni waliweza kuwafikia. Watu 125 walikufa, 50 wakaokoka. Na katika waliokufa wamo wengi ambao hawakuuawa na pigo la kuanguka. Walikuwa wamevaa yale majaketi ya kuokolea, nao wakayajaza hewa wangali ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua mpaka darini, wasiweze kuzama kidogo ili waufikie mlango. Na katika kila safari abiria huambiwa: jaketi usilijaze mpaka umetoka nje.

Je, tuseme watu wale walikuwa waasi? Mimi sithubutu. Waliogopa, kama mimi na wewe tungaliogopa. Na moyo wenye hofu hushika kile kinachoonekana kuwa wokovu. Jaketi lililojaa hewa laonekana kuwa wokovu! Akili ya mtu mmoja, katika saa moja, ikimwambia aliokalo, yaweza kumwambia lile litakalomwua. Kwa hiyo yampasa mtu asikilize mapema, wakati wa amani, asijesomea njia ya mlango hali maji yamefika kifuani. Mbuzi hufuata kamba kwa kuwa hawezi kuikata. Mtu akaaye kitini baada ya kufikiri ya kuwa mwingine amekwisha yaona asiyoyaona yeye, huyo hakuvutwa.

Tena kanuni hizi hazimhusu mtu peke yake. Tarehe 25 Agosti 2010 eropleni ndogo ilianguka karibu na Bandundu, katika nchi ya Kongo, wakafa watu 20 katika 21. Yule mmoja aliyepona alisimulia ya kuwa abiria fulani alificha mamba mdogo katika mfuko; mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele wote pamoja, na chombo kikapoteza usawa wake. Mtu alificha mfuko tu, pengine akisema moyoni mwake, "Jambo hili ni langu."

Moscow, tarehe 5 Mei 2019, eropleni iliwaka moto ilipotua, wakafa watu 41 katika 78; na baadhi ya walioponyoka walionekana wakitoka na mifuko yao mikononi. Sitasema mifuko ndiyo iliyoua, kwa maana moto ulikuwa mkali sana upande wa nyuma. Lakini Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, eropleni kubwa iligongana na nyingine kiwanjani ikateketea yote, na watu 379 waliokuwamo katika ile kubwa walitoka wazima, wakiiacha mizigo yao iungue. Eropleni kubwa haipewi ruhusa kuchukua watu mpaka imeonyeshwa ya kuwa wote waweza kutoka kwa sekunde 90, hali nusu ya milango imefungwa. Katika hesabu hiyo hamna nafasi ya mtu kutafuta mfuko wake.

Hata hivyo mtu asidhani mkanda ni hirizi. Tarehe 6 Novemba 2022 eropleni iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na kiwanja cha Bukoba. Watu 19 wakafa, pamoja na marubani wote wawili, na 24 wakaokoka, wengi kwa msaada wa wavuvi waliofika na mitumbwi. Sijasikia ya kuwa waliokufa walivunja kanuni yo yote. Kutii hakumnunulii mtu uhai. Humwondolea jirani hatari moja tu, ile ambayo ingetoka kwako.

Wenye mashirika nao wana deni. Kanuni iliyosemwa mbiombio, kwa lugha ambayo bibi wa Suji haielewi, haijatolewa bado. Husemwa kwa Kiswahili katika safari za kwetu, ndiyo. Lakini akipanda ile iendayo Ulaya, nani atamwambia habari ya jaketi? Hapo sisi waalimu na wajukuu tuna kazi kabla ya safari, nasi twaipuuza.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na yule binti, kwa nini alikaa karibu na mlango akitutazama? Nilidhani alituangalia kama askari."

Nikamjibu kwamba hukaa pale kwa kuwa, likitokea jambo, yeye ndiye wa kuufungua mlango na kutoa watu, naye hutoka baada yao.

"Hilo sikuambiwa," akasema. Atasafiri tena baada ya mavuno, naye amekwisha mwagiza mjukuu wake amtafutie mfuko mdogo zaidi, utakaoenea chini ya kiti.