Mchwa Katika Nyumba ya Sala



Kabla hamjaendelea, fungueni Biblia zenu mkasome Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 3, aya ya 10 mpaka ya 15. Kisha rudini kwangu, maana nina jambo la kuwaungamia.

Mnajua yaliyotupata katika kanisa letu dogo la bondeni. Jumapili moja kabla ya Kwaresima, Mwalimu alikwenda kupiga kengele, akaegemea mwimo wa mlango kama alivyozoea, mkono wake ukazama ndani ya mti kana kwamba ni mkate. Rangi ilikuwa nzima. Nje hapakuwa na dalili yo yote ila kijia chembamba cha udongo kilichopanda ukutani, unene wa penseli, nyuma ya ubao wa nambari za nyimbo. Tulipogonga nguzo moja moja, katika nguzo kumi na mbili ni tatu tu zilizotoa sauti ya mti. Zilizobaki zililia kama debe tupu. Siku ile tulisali chini ya mwembe, na mpaka leo tupo chini ya mwembe.

Wengine wamemlaumu fundi. Nawaomba sana mmwache fundi. Yeye alinijia akaniambia, "Baba Padre, miti hii ni mibichi na maganda bado inayo. Tungoje tupate mninga." Mimi nilikataa kungoja, kwa sababu Baba Askofu alikuwa anakuja kwa Kipaimara, nami nilitaka aikute nyumba imesimama. Kweli aliikuta imesimama, na picha tukapiga. Lakini akina mama wajane wa bondeni waliouza kuku na mayai ili nyumba ile ipatikane, fedha yao imeliwa na mchwa kwa ajili ya haraka yangu. Nimekwenda kwao nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nao ninyi nawaomba.

Sasa imekuja barua. Wenzetu wa mtaa mmoja wa Uingereza tulio na udugu nao wamesikia habari, nao wanataka kutusaidia. Kwao hakuna vichuguu, wala hawajawahi kuona kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, basi wanauliza kwa unyofu: kwa nyumba ndogo ya sala katika nchi yenye mchwa, vifaa gani vyafaa, na je, wavinunue huko wavilete kwa meli? Halmashauri imeniagiza nijibu. Jibu ni refu kidogo, na ni vizuri nanyi mlijue.

Kwanza nimewaeleza mchwa mwenyewe. Mwili wake ni laini, jua na upepo humkausha upesi, ndiyo maana hupita gizani na kujijengea vijia vya udongo. Katika mti anatafuta ule uzi unaoufanya mti kuwa mti. Kwa kawaida anafuata uliokufa, na msituni kazi hiyo ni njema, maana bila yeye magogo yangejaa mpaka tusipate njia. Mungu hakumwumba kwa bahati mbaya. Kosa ni letu tunaompelekea mti mfu, mbichi, wenye maganda, tukauzika katika udongo wenye unyevu, kisha tukashangaa.

Pili, habari ya miti. Mvule, mninga na mpingo vinasifiwa kwa haki, lakini sifa hiyo ni ya kiini, ule moyo wa mti wenye rangi nzito. Ule weupe wa nje chini ya ganda huliwa hata ukiwa wa mvule, na wauzaji wengine huuchanganya ndani ya mbao ukiwa huangalii. Boriti za mikoko nazo ni imara. Kwa miaka mingi majahazi yalizichukua kutoka Rufiji na Lamu mpaka Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba. Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za pwani yetu ulifuata urefu wa boriti. Lakini mikoko imepungua, na kuikata ovyo ni kuharibu mazalio ya samaki, basi hiyo sikuiomba.

Tatu, saruji. Wengi hudhani ukimwaga saruji umekwisha. Mchwa haili saruji, bali hupita katika ufa ambao wewe huuoni. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi, na juu yake kabla ya mti wo wote kiwekwe kipande cha bati kilichokunjwa kuelekea chini pande zote. Bati hilo halimwui mchwa. Linamlazimisha kujenga kijia chake nje, mahali pa wazi, ambapo mwenye macho atakiona akivunje. Kuta ziwe za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, fungu moja kwa mafungu kumi na mawili ya udongo au karibu na hapo, yakishindiliwa kwa mashine ya mkono, ya namna ile iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Visiki vyote ving'olewe, na mabaki ya mbao yasifukiwe chini ya sakafu, jambo ambalo, nasikitika kusema, sisi tulilifanya.

Habari ya dawa nilisema machache. Wazee wanaikumbuka dieldrin, iliyomwagwa sana chini ya nyumba zamani. Iliua mchwa, na sumu yake haikuondoka. Ilikaa katika udongo na katika miili ya viumbe, hata ikawekwa katika orodha ya mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 pamoja na sumu nyingine zilizokataliwa. Mtu akikuletea chupa isiyo na jina, usiinunue.

Basi tuagize kutoka ng'ambo au tusiagize? Hapa halmashauri tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta. Wako waliosema kwamba kupokea ni aibu. Siafiki. Mfalme Sulemani alipojenga Hekalu hakujifanya ana kila kitu, alituma kwa Hiramu mfalme wa Tiro apate mierezi ya Lebanoni, nayo ikaletwa baharini kwa maboya (someni 1 Wafalme 5). Lakini angalieni, Sulemani naye alitoa ngano na mafuta kila mwaka, na watu wake walikwenda mlimani kufanya kazi pamoja na watu wa Hiramu. Tena kabla ya hapo, jangwani, sanduku la agano, kitu kidogo cha dhiraa mbili na nusu, lilitengenezwa kwa mshita, mti mgumu wa kame. Na Askofu Steere pale Mkunazini, Unguja, ambapo jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, aliezeka kanisa lake kwa kuba ya mawe ya matumbawe na saruji ya Portland. Watu wakasema litaanguka. Matumbawe yalikuwa ya hapa, saruji ilitoka ng'ambo.

Kwa hiyo nimewaandikia wenzetu wasituletee mbao. Kama wanapenda, watusaidie bati na saruji, vinunuliwe hapa hapa mjini. Mawe, udongo na mikono ni yetu.

Sasa turudi kwa Mtume Paulo. Anawaonya wajenzi kwamba kazi ya kila mmoja itapimwa kwa moto, na kazi nyingine itateketea yote. Aya ya mwisho ndiyo iliyonishika wiki hizi. Yule mjenzi mbaya hupata hasara, naye mwenyewe huokolewa, lakini kama mtu aliyeponyoka motoni. Paulo hafichi hasara hiyo wala hasemi kuwa si kitu. Kazi imepotea, nguzo ni unga. Lakini msingi haukuwa wangu, wala haukuliwa, kwa maana msingi ni Kristo. Nimesamehewa, na nguzo hazikurudi. Vyote viwili ni kweli, nami nimejifunza kuvishika vyote viwili bila kutumia kimoja kukifuta kingine. Labda na wewe msomaji unayo nyumba uliyoipaka rangi. Igonge usikie.

Mawe yapo mtoni. Kila Jumamosi baada ya Pasaka, saa moja asubuhi, tutayabeba, wanaume kwa wanawake, na vijana walete mikokoteni. Fundi ni yule yule. Mara hii yeye ndiye atakayesema lini tuezeke, na Baba Askofu nimekwisha kumwandikia kwamba tarehe hatuna.

Wenu katika Kristo,
Padre wa Mtaa