ALIPITA PALE NILIPONG'OA MASALE



Ndugu kijana, karatasi hii umepewa uwanjani, stendi au kijiweni. Usiitupe kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, huku juu migombani. Mwaka 2009, mwezi wa nne, masika imechachamaa, nilikuwa na miaka 19. Kanisani nilikuwa siendi. Kazi yangu mbege na ubishi. Jioni moja mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaingiza majani ya ng'ombe. Shuleni tulifundishwa: ukiona mwanga wa radi, hesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Nikahesabu sita. Nikasema bado iko mbali. Mara ya pili, tatu. Iliyofuata sikuhesabu. Mwanga na mlio vilikuja pamoja, PAA! Mringaringa uliokuwa karibu na banda ukapasuka toka juu mpaka chini. Nilipofumbua macho, mdogo wangu amelala kifudifudi kwenye matope, hapumui.

Nikapiga yowe. Majirani wakaja mbio, nawashukuru mpaka leo. Lakini walisimama mbali. Mmoja akasema, "Msimguse, ana umeme!" Mwingine akanong'ona eti imetumwa toka Sumbawanga. (Ndugu, radi ni umeme wa mawinguni, nao hupenda kitu kirefu kama ule mti. Na aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse! Msaidie upesi!)

Aliyemgusa ni mmoja tu. Ni jirani yetu wa upande wa chini, mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii mlimani, na huko alifundishwa huduma ya kwanza. Mzee huyo nilikuwa simsalimii mwaka wa pili. Kisa? Mpaka. Niling'oa masale yake usiku, nikausogeza mpaka hatua tatu, na alipouliza nikamtukana mbele ya wanawe. Sasa jioni ile unajua alipita wapi? Alipita PALE PALE nilipong'oa masale. Akapiga magoti kwenye matope, akamgeuza mtoto, akamminya kifua, akampulizia pumzi kinywani, akaminya tena na tena, mpaka mtoto akakohoa. Ndipo wengine nao wakasogea. Wakambeba kwenye ngazi mpaka barabarani, mvua ile ile inanyesha, pikapu ikampeleka Moshi mjini. Akapona. Leo ana watoto wawili.

Utasema basi hapo ndipo nilipookoka. Wapi! Usiku ule niliapa mbele za Mungu kwamba sinywi tena. Matope hayajakauka nikarudi kilabuni. Hofu ya radi, kijana, ni kama radi yenyewe: inamulika mara moja, halafu giza.

Kilichonishinda ni yule mzee. Kila akinikuta njiani anauliza, "Mdogo wako anaendeleaje?" Mpaka haulizi! Masale haulizi! Wiki ya tatu nikakosa usingizi. Ninyi watoto wa Kichaga mnajua: mtu akikujia na jani la sale, amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Nikachuma jani, nikaenda. Sikufika mlangoni. Alitoka akanipokea uani, akalia, na mimi nikalia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilishakusamehe kabla ya radi. Na yule uliyemkosea kuliko mimi, utamwendea lini?"

Nikaelewa anamsema nani. YESU naye alivuka mpaka tuliouharibu sisi, akashuka kwenye matope yetu, akatugusa. Tena hakungoja tuwe wema kwanza. Soma Warumi 5:8.

Sikutishi, rafiki. Januari 2025 wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, mkoani Geita, walikufa kwa radi wakiwa shuleni. Walikuwa na dhambi kuliko wewe? La, hasha! Soma Luka 13:1-5, habari za mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Yesu hakuwahukumu waliokufa. Aliwageukia waliobaki hai, na hao ni mimi na wewe.

Kama uko tayari, jani la sale huhitaji. Sema kwa kinywa chako, hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, mimi ndiye niliyeng'oa mpaka. Nimekukimbia, nimekutukana, na majirani zangu nimewakosea. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu leo. Na kesho asubuhi nipe nguvu niende kwa yule ambaye simsalimii. Amina."