Kalenda Nyingi, Ahadi Moja

Usawazishaji, kwa maana inayotumika katika teknolojia ya mawasiliano, ni kazi ya kuhakikisha kwamba taarifa iliyohifadhiwa mahali pengi inabaki kuwa ile ile kila mahali: mkutano ulioandikwa katika simu ya mkuu wa ofisi uonekane pia katika kompyuta ya mhasibu, na namba mpya ya dereva iliyoingizwa na karani imfikie kila mfanyakazi bila mtu kunakili chochote kwa mkono. Katikati ya kazi hiyo hukaa seva, yaani kompyuta ya ofisi au ya kampuni ya mbali inayopokea mabadiliko kutoka kila kifaa na kuyasambaza kwa vingine. Lugha ambayo vifaa hivyo husemezana ni ya juzi tu: muundo wa pamoja wa kuandika matukio ya kalenda, uitwao iCalendar, ulichapishwa mwaka 1998, utaratibu wa kuyasawazisha kupitia mtandao, CalDAV, mwaka 2007, na mwenzake wa majina na namba, CardDAV, mwaka 2011. Swali lililomo ndani yake, hata hivyo, ni kongwe, na viongozi wa dini waligombana juu yake karne nyingi kabla ya mafundi: nakala mbili za wakati mmoja zikitofautiana, ni ipi iliyo ya kweli, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Swali hilo lina uzito wake mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, kwa kuwa mji huo uko mahali ambapo saa hubadilika kwa mwendo mfupi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majira mawili: upande wa magharibi, pamoja na Kinshasa, umetangulia saa ya kimataifa kwa saa moja, na upande wa mashariki kwa saa mbili, ilhali Uganda, iliyo ng'ambo ya Ziwa Albert, imetangulia kwa saa tatu. Mkutano wa saa tatu asubuhi Bunia ni wa saa mbili Kinshasa na wa saa nne Kampala, na ofisi yenye wakubwa Kinshasa, mizigo Entebbe na wafadhili Geneva haiwezi kukiachia kichwa cha mtu kazi ya kujumlisha na kutoa. Jina la Bunia halimo katika orodha ya majira ambayo vifaa vingi hutumia. Upande wa mashariki wa Kongo huwakilishwa na Lubumbashi, mji ulio zaidi ya kilomita 1,400 kusini, na hivyo kila ahadi ya mtu wa Bunia huhifadhiwa kwa jina la mji ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Ajabu ni kwamba saa hiyo ya kuazima inalingana na jua kuliko saa ya jirani. Dunia huzunguka nyuzi 15 za longitudo kwa saa, na kwa kuwa Bunia iko karibu na nyuzi 30 na robo mashariki, jua la wastani hufika utosini dakika moja tu kabla ya saa ya ukutani kuonyesha saa sita kamili. Uganda, kwa upande wake, hufuata longitudo ya 45, ambayo hupita karibu na Mogadishu, hivyo saa za Kampala ni za jua la Wasomali. Anayevuka mpaka kutoka Mahagi, upande wa Kongo, kwenda Goli, upande wa Uganda, hupoteza saa nzima ilhali kivuli chake hakijasogea. Hakuna aliyedanganywa hapo, kwa maana saa ya serikali ni mapatano, na mapatano hayawi uongo kwa sababu tu jua halikushirikishwa. Lakini adhuhuri ya msikitini haitokani na mapatano hayo. Hufuata jua lenyewe, na ndiyo maana ratiba ya sala ya Kampala haiwezi kuhamishiwa Bunia kwa kupunguza saa moja kamili: itakosea kwa takriban dakika kumi. Upo, basi, wakati ambao watu huutunga na wakati ambao huupokea, na simu huonyesha wote wawili kwa tarakimu zinazofanana.

Ugumu hasa huanza pale mawasiliano yanapokatika. Chukuliwe mfano wa ofisi ambamo mkutano wa Jumanne umehamishiwa Jumatano na katibu aliye Bunia, wakati mratibu aliye safarini upande wa Mahagi, ambako simu yake haipati mtandao, ameuhamishia Alhamisi baada ya kukubaliana ana kwa ana na machifu watakaohudhuria. Simu ya mratibu inaporudi hewani, seva hukuta madai mawili juu ya tukio moja. Programu makini hukataa dai la pili na kumtaka mtumiaji achague, kwa kuwa kila toleo la tukio lina alama inayoonyesha kama limeguswa tangu liliposomwa mara ya mwisho. Nyingi, lakini, hufuata kanuni nyepesi kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Kanuni hiyo ina sura ya haki, kana kwamba habari mpya lazima iwe sahihi kuliko ya zamani, lakini inachokipima ni saa ya kuandika au ya kufika tu. Haijui kwamba Alhamisi ilikubaliwa na watu kumi waliokaa pamoja na Jumatano iliamuliwa na mmoja aliyekuwa karibu na mnara wa simu.

Hata neno "mwisho" katika kanuni hiyo halina msingi imara. Mwaka 1978 mwanahisabati wa Marekani Leslie Lamport alichapisha makala mashuhuri kuhusu saa na mpangilio wa matukio katika mifumo ya kompyuta zilizotawanyika, akaonyesha kwamba tukio moja laweza kusemwa kuwa lilitangulia jingine pale tu ambapo habari ingeweza kusafiri kutoka la kwanza hadi la pili; pasipo habari kupita, hakuna la kabla wala la baada, na mpangilio wowote utakaowekwa ni wa kubuni. Wakongo walipata kielelezo cha jambo hilo kwa kiwango cha taifa pale serikali ilipokata intaneti na ujumbe mfupi kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, kwa karibu wiki tatu. Kalenda zilizotegemea mtandao huo ziliendelea kuandikwa kila moja peke yake, na huduma iliporudi, seva zilipanga foleni ya mambo ambayo kwa kweli hayakuwa na foleni.

Historia ya dini ina mengi ya kufundisha hapa. Yapata mwaka 155 askofu Polikarpo wa Smirna alikwenda Roma kuzungumza na Aniseto, askofu wa huko, juu ya siku ya Pasaka, ambayo Wakristo wa Asia Ndogo waliiadhimisha kwa tarehe ya mwezi wa Kiyahudi na Warumi kwa siku ya Jumapili. Hakuna aliyemshawishi mwenzake, wakashiriki ekaristi pamoja, wakaagana kila mmoja na kalenda yake. Miaka kama 35 baadaye Vikta wa Roma alitaka kuwatenga Waasia kwa sababu hiyo hiyo, na Ireneo wa Lyon, ingawa mwenyewe alifuata Jumapili, alimkemea. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ndio ulioamua kwamba Pasaka iwe moja kwa wote. Kwa lugha ya leo, Kanisa lilichagua seva, lakini lilifika hapo baada ya zaidi ya karne moja na nusu ya barua, safari na lawama, na kila upande ulijua ulichokuwa unaombwa kuacha.

Upande wa Uislamu, mkusanyo wa hadithi uitwao Sahihi Muslim umehifadhi kisa cha Kuraibu, ambaye aliuona mwezi wa Ramadhani huko Shamu, yaani Siria, usiku mmoja kabla ya watu wa Madina kuuona, kisha akarudi Madina mwishoni mwa mfungo akiwa na hesabu iliyotangulia kwa siku moja. Alipomuuliza Ibn Abbas, swahaba wa Mtume, kama kuonekana kwa mwezi mbele ya Muawiya, mtawala wa Shamu, hakutoshi, Ibn Abbas alikataa: watu wa Madina wangeendelea kufunga mpaka wauone wenyewe au watimize siku 30, kwa kuwa ndivyo walivyoamriwa na Mtume. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walijengea hapo rai kwamba kila eneo lina mwandamo wake, huku wengine wakishikilia kwamba mwezi ukionekana popote umeonekana kwa wote, na mzozo huo hurejea karibu kila Idi kuanzia Zanzibar hadi mashariki ya Kongo. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba Ibn Abbas hakumwita Kuraibu mwongo. Alikubali kwamba nakala mbili zinaweza kutofautiana na zote zikawa za kweli, kila moja kwa walioishuhudia, na hilo ni jambo ambalo hakuna programu ya kalenda ofisini inayoweza kulikubali bila kutoa onyo la hitilafu.

Katika mji kama Bunia, ambao una Chuo Kikuu cha Shalom, kilichochipuka kutoka shule ya teolojia iliyoanzishwa mwaka 1961, hoja za namna hii si ngeni darasani. Ofisini hazijadiliwi, kwa sababu uamuzi umekwisha kufanywa na mtu aliyeandika programu na ambaye hajulikani. Hapo ndipo penye kasoro ya kimaadili. Miadi ni ahadi, na ahadi hufungwa kati ya watu wawili au zaidi. Kalenda ni shahidi wake tu. Seva inapobadilisha nakala zote kwa pamoja, hubadilisha ushahidi, na kwa kuwa hakuna nakala iliyobaki ya kupingana nayo, waliohusika huanza kuamini kwamba ahadi yenyewe ndiyo iliyobadilika. Waislamu wanaamini kwamba Mungu hufuta na huthibitisha atakalo na kwamba asili ya maandiko yote, Mama wa Kitabu, iko kwake. Wakristo nao wana Kitabu cha Uzima. Imani hizo mbili zinaafikiana kwamba asili haiko mikononi mwa binadamu, na kwamba vyote wanavyovishika wao ni nakala. Seva ya ofisi nayo ni nakala, ila imepewa heshima ya asili.

Muundo wa iCalendar unatambua hali tatu za tukio: la kukisia, lililothibitishwa na lililofutwa. Mtu wa Ituri anaposema atafika Jumatatu "Mungu akipenda", karani huelekea kuliweka neno lake katika hali ya kukisia, na wageni wengi wa mashirika hulisikia hivyo hivyo. Ni kosa. Sura ya Pango katika Kurani na barua ya Yakobo katika Agano Jipya zote zinamtaka anayepanga ya kesho aitaje ridhaa ya Mungu, na hakuna hata moja inayompunguzia wajibu wa kutimiza. Sharti hilo humweka Mungu kuwa shahidi wa ahadi, jambo linaloifanya ahadi kuwa nzito zaidi. Mwenye kuthibitisha kwa kubonyeza kidole hajaahidi zaidi ya huyo. Pengine ameahidi kidogo.

Upande wa majina na namba, jambo ni zito zaidi. Kufuta katika mfumo uliosawazishwa si kuondoa tu: jina likiondolewa kwenye seva bila alama yoyote, simu iliyokuwa imezimwa kwa muda mrefu itakaporudi italidhania jina hilo kuwa jipya na kulipandisha tena, na lililofutwa litarudi kwa wote. Kwa sababu hiyo mafundi huacha alama inayosema kwamba hapa palikuwa na kitu na kimeondolewa, na alama hiyo wao wenyewe huiita jiwe la kaburi. Nayo ina muda wake: katika Active Directory ya Microsoft, mfumo unaohifadhi majina ya watumishi katika ofisi nyingi, muda wa kawaida ulikuwa siku 60 na baadaye ukawa 180, kisha jiwe lenyewe huondolewa. Kusahau, kwa mashine, hudai kwanza kukumbuka kwamba kuna kilichosahauliwa.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 katika *African Religions and Philosophy* kwamba marehemu hubaki katika kipindi alichokiita Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na huzama katika Zamani anapokufa wa mwisho aliyemjua. Madai yake kwamba Mwafrika hana wakati ujao wa mbali yalipingwa kwa haki, miongoni mwa wengine na Kwame Gyekye wa Ghana, na kalenda za Bunia zilizojaa mikutano ya robo mwaka ijayo zinatosha kuyatilia shaka. Juu ya jina, lakini, alisema kweli. Katika jimbo lililopoteza watu wengi mno katika vita vya 1999 hadi 2003 na tena tangu mwishoni mwa 2017, hakuna orodha ya ofisi isiyo na namba za waliokufa. Karani anayesafisha orodha ya seva huondoa jina katika simu zote kwa mara moja, pamoja na ile ya rafiki wa marehemu aliyekuwa hajawa tayari, na ambaye hakuulizwa.

Kanisa Katoliki lina utaratibu mwingine, na mwandishi yeyote wa programu angefaidika kuusoma. Kwa kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kipaimara, ndoa au daraja takatifu la mtu huandikwa pambizoni mwa kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa. Aliyebatizwa Mahagi akifunga ndoa Bunia, taarifa hurudi Mahagi, na mstari wa kwanza haufutwi wala haufunikwi. Mabadiliko huongezwa, yakiwa na tarehe. Kwa kweli watunzi wa muundo wa majina na namba nao walifikiria jambo la karibu na hilo: nyongeza iliyochapishwa mwaka 2011 iliweka sehemu rasmi ya tarehe na mahali pa kufa, ili jina libaki na kifo chake kijulikane. Simu za kawaida hazina mahali pa kuionyesha sehemu hiyo. Karani wa Bunia anayetaka kufanya kama paroko hulazimika kuandika "Marehemu" mbele ya jina, na seva, isiyotofautisha cheo na kifo, hulieneza neno hilo katika simu zote za ofisi na kulipanga jina chini ya herufi M.