Fedha Zitokazo Ng'ambo ni Mali ya Nani?

Siku hizi ni nyumba chache katika parishi yetu zisizo na mtu wake ng'ambo. Huyu yuko Marekani akitunza wazee, yule yuko Uingereza akiuguza wagonjwa, na wengine wengi, hasa binti zetu, wako Saudi Arabia na Qatar wakilea watoto wa watu. Mwisho wa mwezi simu hulia, na ujumbe wasema kwamba fedha zimefika. Tunashukuru, tunalipa karo, tunanunua unga. Lakini ni mara chache tunapoketi na kujiuliza: fedha hizi ni mali ya nani? Swali hili laonekana jepesi. Sisi nasi tuliliona jepesi, mpaka lilipoingia katika nyumba yetu wenyewe.

Kwanza na tupime ukubwa wa jambo hili. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, mwaka wa 2004 ndugu zetu walio ng'ambo walituma nyumbani dola milioni 338. Mwaka wa 2024 walituma dola bilioni 4.9, yaani zaidi ya shilingi bilioni 600. Fedha hizi zazidi zile ambazo nchi yetu hupata kwa kuuza chai. Tena mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli za pwani na watalii wakakosa kuja, fedha za watu wetu hazikupungua, bali ziliongezeka zikapita dola bilioni 3. Mtalii hubaki kwake dunia ikichafuka. Mwana hukumbuka kwao.

Na faida yake ni ya kweli. Binti akituma riali, benki zetu hupata fedha za kigeni, na kwa hizo taifa hununua mafuta, dawa na mbolea. Mama yake naye hupokea shilingi katika simu, akaenda nazo sokoni. Akinunua mahindi na kuku wa jirani, jirani hupata karo, mwalimu hupata mshahara, na fundi wa viatu hupata kazi. Lakini akinunua runinga kubwa iliyotoka nchi za mbali, fedha zile hutoka kwa mlango ule ule zilioingilia. Basi fedha zile zile zaweza kuijenga nchi, au zaweza kupita tu kama maji ya mvua juu ya mwamba. Na anayeamua mara nyingi si yule aliyetuma, bali ni yule aliyepokea.

Hapa hatuna budi kusema habari zetu wenyewe. Binti yetu alisomea ualimu kama sisi. Alihitimu, akangoja kuajiriwa miaka mitano, kisha akaenda nchi za Ghuba kuwa yaya. Mwanawe wa miaka mitatu alituachia sisi. Kabla ya kuondoka alitueleza wazi: fedha atakazotuma, fungu moja ni la mtoto, fungu la pili ni la matumizi ya nyumba, na la tatu ni la kununua kiwanja, ili akirudi afungue shule ndogo ya chekechea. Kila mwezi alituma, hakukosa hata mmoja. Baada ya miaka minne alikuja likizo. Siku ya tatu, tulipokwisha kunywa chai, alituuliza, "Baba, kiwanja kiko wapi, twende nikakione?"

Kiwanja hakikuwapo.

Hatukuiba wala hatukunywa pombe. Tulichangia mazishi matatu. Tulisaidia arusi ya mpwa wetu. Tulilipa deni la hospitali la ndugu yetu. Tulitoa katika changizo la paa la kanisa, na jina letu liliposomwa, watu walipiga makofi. Yote hayo ni mema, wala hakuna hata moja ambalo mtu angetulaumu kwalo. Lakini jina lililosomwa lilikuwa letu, na jasho lilikuwa lake. Binti yetu hakulia wala hakutujibu vibaya. Alimtazama mwanawe aliyekuwa akicheza mlangoni, akasema, "Basi itabidi nirudi tena miaka miwili, Baba." Miaka miwili hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya ukarimu wetu, na hatukuilipa sisi.

Mtu aweza kutujibu kwamba mtoto ni wa ukoo. Wazazi waliuza ng'ombe ili asome, jamaa walimchangia nauli. Kwa hiyo akipata, wamepata wote. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Deni la mtoto kwa wazazi wake ni la kweli, na mtoto mwema hulijua. Lakini deni hulipwa na mwenye kudaiwa, kwa hiari yake na akijua. Kama tungalimwandikia kwamba mjomba wake amelazwa, huenda angalisema tutoe fungu lote, na sifa ingalikuwa yake. Kosa letu halikuwa kutoa. Kosa letu lilikuwa kutoa bila kumwuliza, na kukaa kimya kwa kuwa yuko mbali. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa jasho la mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi ambao kwa miaka zaidi ya thelathini tuliwadai wanafunzi hesabu zenye majibu sahihi hatukuwa na daftari hata la senti hamsini.

Kosa la nyumba moja laweza kuwa kosa la taifa zima. Serikali inaposikia habari za mabilioni haya, ni rahisi kushangilia kana kwamba ni mazao ya shamba lake. Hapo yafaa tujifunze kwa Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Wanaume wake walichimba dhahabu katika migodi ya jirani, na mwaka wa 1974 ilitungwa sheria kwamba asilimia 60 ya mshahara wa mchimbaji iwekwe katika benki ya nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji hao walikuwa zaidi ya 100,000, na nyumba nyingi ziliishi kwa mshahara wao. Kisha, katika miaka ya 1990, migodi ilipunguza wafanyakazi, na makumi ya maelfu walirudi makwao bila kazi. Sheria iliweza kuzileta fedha nyumbani. Haikuweza kuulinda mlango zilikotoka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi nasi tumekwisha kuonywa: tangu Januari 2026 Marekani, kutokako fungu kubwa kuliko yote, hutoza kodi ya asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje.

Basi taifa nalo lina daftari lake la kuandika. Lina deni la kuwalinda mabinti ambao ruhusa yao ya kukaa nchi za Ghuba imo mikononi mwa mwajiri. Lina deni la kupunguza gharama ya kutuma, kwa maana anayetuma dola 200 Afrika kusini ya Sahara hukatwa karibu asilimia 8, na mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka wa 2030 isizidi asilimia 3. Zaidi ya yote, lina deni la kuwapa kazi walimu na wauguzi iliowasomesha, ili anayekwenda ng'ambo aende kwa kupenda, si kwa kukosa.

Lakini tusiingoje serikali. Sisi tumenunua daftari. Kila mwezi twaandika kilichoingia na kilichotoka, na mjukuu wetu, ambaye sasa anajua kusoma, huupiga picha ukurasa na kumpelekea mama yake. Likija changizo, twampigia simu kwanza. Mara nyingine husema ndiyo, mara nyingine husema hapana, na jina tunaloandikisha ni lake. Kiwanja bado hatujakipata, kwa sababu bei ya ardhi hapa kwetu imepanda, na waliotuzidi bei mara mbili walikuwa wakinunua kwa fedha za watoto wao walio ng'ambo.

Jambo moja zaidi tumelibadili. Zamani simu ilipolia tulikuwa tukiuliza, "Umetuma?" Sasa twauliza kwanza kama amekula, kama amelala, na kama watu wa nyumba ile wanamtendea mema. Ilituchukua miaka minne kujua kwamba hatukuwa tumewahi kumwuliza.