Ng'ambo ya Luapula, Polepole



Shule zimefungwa, baridi ya Julai imetushika hapa Lubumbashi, na familia nyingi zinapanga safari. Wengi mtaelekea Zambia. Safari hiyo tunaijua: kufika mpakani Kasumbalesa alfajiri, kujipenyeza kati ya malori ya shaba, kununua unga na mafuta Chililabombwe au Kitwe, kisha kugeuza. Zambia tumeifanya duka. Mtu anaweza kuvuka mpaka ule miaka nenda rudi asijue jina la hata mtu mmoja anayeishi upande wa pili, na jambo hilo linanihuzunisha.

Juma hili fungueni Luka, sura ya 10. Pale Bwana anapowatuma wale sabini, sisi wahubiri hukimbilia habari ya mavuno na uchache wa watenda kazi, tukayapita maagizo ya safari. Njiani aliwakataza kupoteza muda hata kwa salamu. Lakini wakishafika kwa watu, mwendo unabadilika kabisa: watangulize amani mlangoni, wale watakachoandaliwa, wasihamehame nyumba kwa nyumba. Mgeni anayehamahama bado anatafuta kitanda kizuri zaidi. Anayetulia mahali pamoja ndiye atakayeulizwa habari za mama yake, naye ndiye atakayepata nafasi ya kuuliza.

Mwenye nafasi nampendekezea njia moja. Kutoka Kasumbalesa, pitia Mufulira hadi Mokambo. Hapo utaingia tena Kongo, ule ulimi wa ardhi yetu uliochomoza ndani ya Zambia tangu mapatano ya mwaka 1894 kati ya Waingereza na Mfalme Leopold II. Ni kilomita kama 70 hadi mto Luapula. Zamani watu walisubiri kivuko hapo Chembe. Tangu 2008 kuna daraja lenye jina la Rais Levy Mwanawasa. Ng'ambo ni Mansa, halafu barabara inateremka bonde la Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe hadi Kashikishi, kwenye ziwa Mweru. Kwa gari zuri bonde hilo unalimaliza kwa siku moja. Nakusihi usilimalize kwa siku moja.

Simama Mambilima, mto unapopiga kelele juu ya miamba. Kuna misheni ya zamani hapo, na shule inayolea watoto wenye ulemavu. Kaa ukingoni. Miti unayoiona upande wa pili ni ya kwetu, na watu wanaokusalimu “Mwapoleni” wanasema Kibemba kile kile cha bibi zetu wa Kasenga. Utaandaliwa nshima, nayo ni bukari. Utapewa kikanda na munkoyo, na ulimi wako hautashangaa. Waulize wavuvi habari za mto. Watakuambia kwamba kwao uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Basi uliza zaidi: miezi hiyo mnawalisha nini watoto? Swali kama hilo haliulizwi kupitia dirisha la gari, na jibu lake halitolewi kwa mtu ambaye hajazima injini.

Mwansabombwe ni makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa huko. Walunda wake walitoka huku kwetu magharibi, nchi ya Mwata Yamvo, wakavuka Lualaba na kulitawala bonde hilo katika karne ya 18. Mwishoni mwa Julai hufanya sherehe ya Mutomboko, na Mwata mwenyewe hucheza akiwa na upanga na shoka, kukumbuka safari ile ya mababu. Livingstone alifika kwenye baraza la Kazembe mwaka 1867, kwa miguu. Mimi naona ajabu zaidi kwamba Mkongo wa leo, mwenye pasipoti mfukoni, husimama katika umati ule akidhani anatazama mila za wageni, kumbe anasimuliwa habari za nyumbani kwake. Mkae hadi ngoma ziishe. Wazee wa pale wakishaona huna haraka, wataeleza.

Najua mama anayeuza unga soko la Kenya hapa mjini hana siku za kukaa Mambilima, wala fedha. Simlaumu hata kidogo. Mtaji wake ni wa kula leo. Kwako mama, agizo la Bwana ni lile lile, ila kwa kipimo chako. Yule unayenunua kwake kila mara kule ng'ambo, kabla ya kubishana bei, mtakie amani. Muulize jina lake, na kama watoto wamelala vizuri. Akikupa kiti, keti. Mzigo utafungwa tu.

Na ninyi mtakaokwenda likizo, ombi langu ni hili. Kila familia irudi na majina ya watu waliowapokea: mwenye nyumba, mvuvi, mama aliyewapikia. Yaandikeni kwenye karatasi mkanikabidhi mlangoni mwa kanisa. Jumapili ya kwanza ya Agosti tutayasoma yote kwa sauti katika maombi, jina moja moja, hata kama ibada itachelewa kwisha.