Tusimlazimishe, Je, Tumwache?

Imo katika Tirmidhi hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) anakataza kuwalazimisha wagonjwa wetu kula. Mara nyingi naisikia kwa jamaa wanaomuuguza mzee aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo. Sahani ikirudi imejaa, husema, "Tusimlazimishe," wakaondoka.

Ndugu zangu, tunaisoma nusu. Kukatazwa kulazimisha si kuruhusiwa kutelekeza. Bi Aisha (R.A.), kama ilivyo katika Bukhari, alikuwa akiagiza mgonjwa apikiwe talbina, uji wa shayiri. Huko ni kutafuta kitu kinachopita kooni.

Mzee aliyekatwa sehemu ya tumbo hushiba kwa vijiko vichache. Sahani ya matoke humtisha tu. Apewe kidogo kidogo, hata mara sita kwa siku, akiwa ameketi wima: uji wa maziwa na karanga za kusaga, yai, samaki laini. Kidonda kinahitaji protini ili kifunge. (Na Ramadhani ikiingia, ruhusa yake imo katika Al-Baqara, aya ya 184.)

Akikataa, aulizwe sababu. Ni kichefuchefu, vidonda vya mdomo, au anaona haya kulishwa na mkwewe? Hili la mwisho hatulitaji kabisa. Na akisema, kwa akili timamu, "Inatosha, mwanangu"? Kijiko kiwekwe chini. Kaa naye. Baada ya saa moja, muulize tena.