Gitare ya mikono yetu, wimbo wa wengine: muziki ni wa nani?

Wazee wetu wanasema: kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaanza na methali hii kwa sababu jambo lenye tunataka kuzungumzia linahusu vidole. Linahusu pia kosa letu sisi wenyewe.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, hapa Lubumbashi, alijitengenezea gitare basse. Hakuinunua ku magazini. Alitafuta ubao wa mulombwa wenye ulikuwa mlango wa nyumba ya zamani, ubao mukavu usiopinda tena, akachonga mwili na shingo. Alipima sentimita 86 kwa urefu wa nyuzi, sababu ndicho kipimo cha basse nyingi tangu Leo Fender alipotoa yake kule California mwaka wa 1951. Kisha akatia vile vyuma vidogo vya shingo. Cha kumi na mbili kinakaa katikati kabisa, ku sentimita 43, kwa kuwa uzi ukikatwa nusu, sauti inarudi ileile lakini juu zaidi. Ukikosea milimita mbili tu, gitare yote inasema bongo. Yeye alikosea mara ya kwanza, aking'oa vyote akaanza upya. Kazi ilimushika miezi saba.

Alipomaliza, alikuja kwetu sisi wa komite, kuomba nafasi siku ya utamaduni. Tukamuuliza: «Utapiga nini?» Akajibu: «Nyimbo za Queen na za Deep Purple, halafu Masanga.» Tukamukatalia. Tulimwambia: «Mutoto, hii haina desturi yetu. Ni ya Bazungu.» Yeye akasema tu: «Ba tata, lakini njo mi mwenye nilijenga.» Akafunga gitare yake ndani ya kitenge cha mama yake, akaenda.

Neno lile lilibaki nasi. Siku ileile ya utamaduni, tulishangilia kundi la karindula, na kila mutu alisema: hii sasa ndiyo yetu. Lakini tuangalie vizuri karindula. Mwili wake ni pipa ya mafuta. Juu wanavuta ngozi ya mbuzi, wanasimamisha mti mrefu, wanafunga nyuzi nne. Ngozi ya mbuzi ni ya babu, tunakubali. Pipa je? Pipa ilikuja na treni na migodi. Mababu wa mababu hawakuijua. Hakuna mutu aliyefukuza karindula kwa sababu ya pipa yake, basi kwa nini tulimufukuza kijana kwa sababu ya nyuzi zake?

Tuendelee. Lugha hii tunayoandika ilizaliwa wapi? Ilifika huku na misafara ya biashara, na Bayeke wenyewe wa Musiri, wenye kujenga Bunkeya, walitoka Unyamwezi. Leo mutoto wa Lubumbashi analia kwa Kiswahili na anaota ndoto kwa Kiswahili. Ni nani atamwambia kwamba lugha hiyo si yake?

Na Masanga yenyewe? Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimukuta Jean Bosco Mwenda ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamurekodi akipiga wimbo huo. Gitare si chombo cha Bunkeya, ilitoka ng'ambo. Lakini Mwenda alipiga kwa namna yake: kidole gumba kilishika sauti nzito za chini, na kidole cha pili kilicheza juu, mpaka ungefikiri ni watu wawili. Hapo ndipo methali yetu inaingia. Chombo kilikuwa cha wageni. Vidole vilikuwa vyake.

Tunakumbuka pia miaka ile ya authenticité, toka 1971, nchi ilipoitwa Zaïre. Tuliambiwa kuacha majina ya kigeni na kurudilia vya kwetu. Nia fulani njema ilikuwamo, maana mukoloni alitufundisha kuzarau vyetu. Lakini orkestri zenye kuimba sifa za authenticité zilikuwa zimeshika magitare ya umeme. Na ng'ambo ya mpaka, ku Kitwe, miaka ileile ya 1970, kundi la WITCH la Emmanuel Chanda, mwenye kuitwa Jagari sababu ya Mick Jagger, lilipokea rock na kuichanganya na midundo ya nyumbani. Leo dunia inaita muziki huo Zamrock, na hakuna anayesema si wa Wazambia.

Mutu atatuuliza: basi kila kitu ni sawa? Hapana. Tunaogopa, na tuko na sababu ya kuogopa, tukiona kijana anajua nyimbo ishirini za Uingereza na hajui hata moja ya nyanya yake. Huyo ameacha nyumba wazi akaenda kulinda ya jirani. Na mwenye kupiga wimbo wa mwengine bila kutaja mwenyewe ni mwizi, hata kama gitare ni yake. Kuiga ni kuchukua sura ya kitu bila kuingia ndani ya kazi yake. Kurithi ni kukubali deni: unataja aliyekutangulia, halafu unaongeza jasho lako.

Kijana wetu alijua deni lake. Baadaye alituelezea kwa nini Queen. Brian May, mupiga gitare wa kundi hilo, alianza kujenga gitare yake mwaka wa 1963, akisaidiana na baba yake. Shingo waliichonga katika ubao wa jiko la moto la zamani, na vyuma vingine walivitoa ku pikipiki. Ndiyo gitare yenye kusikilika katika nyimbo zile. Mutoto wa Lubumbashi, na mlango wake wa mulombwa, aliona kwamba mutu wa mbali alikuwa ndugu yake wa kazi. Sisi tuliona rangi ya ngozi. Yeye aliona mikono.

Tulienda kwake, kumuomba musamaha. Hatusemi hivi ili tusifiwe, maana tulichelewa. Wakati tulipofika, tulikuta watoto watatu wa jirani wamekaa chini, yeye anawaonyesha namna ya kupima shingo, na kuwafundisha Masanga polepole, sauti za chini kwanza.

Ndiyo maana tunasema: desturi haiulizi kitu kilitoka wapi tu. Inauliza pia ni nani alikifanyia kazi, alimushukuru nani, na atakiachia nani. Komite yenye kusahau maswali hayo inaweza kulinda mlango vizuri sana, kumbe wenye nyumba wamebaki inje.